Kiraka Chenye Adabu

Hebu niambie, mwenzangu, umewahi kuusikia mdomo wako mwenyewe ukikubali jambo ambalo moyo wako umelikataa katakata? Sisemi kule kuona haya, mtu anakukaribisha chakula nawe unasema umeshiba huku tumbo linanguruma. Hayo sote tunayafanya. Nasema mdomo kabisa, wenye ulimi wake na meno yaliyobaki, unafunguka na kunena, nawe uko nyuma yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Unagonga mlango, na ndani wanaendelea kuongea.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Bibi Nyamizi asubuhi ile, katika hospitali ya ubongo iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, ile yenye kuta zinazosikia.

Alikuwa ameegemezwa mito miwili. Kichwani amefungwa bandeji, na juu ya bandeji binti yake amemfunika kanga ya manjano iliyofuliwa mpaka maua yake yamebaki kivuli, maana Bibi Nyamizi hajapata kukaa kichwa wazi mbele ya watu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tu juu ya shuka, mzito kama si wake. Wa kushoto ulikuwa mzima, lakini wauguzi walikuwa wameuvika soksi nene ya pamba na kuifunga kwa utepe pale kwenye kifundo, kwa sababu tangu apasuliwe alikuwa akijipapasa nyuma ya sikio, akitaka kubandua kitu kilichoko pale.

Kitu chenyewe walikiita kiraka. Ukikiona kwa nje ni kijifuniko tu, mfano wa kifungo cha shati. Sehemu yake kubwa ilikuwa ndani.

Daktari Skola Lugendo alivuta kigoda akaketi, magoti yake yakakaribia kitanda. Yeye hakuwa wa kupasua. Alikuwa daktari wa ruhusa: kazi yake ni kujua mgonjwa akishapasuliwa anakwenda kuishi wapi, na nani atamgeuza, na nani atampa dawa. Kwa wagonjwa waliopita miaka tisini kama Bibi Nyamizi, kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kisu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

Hapo hapakuwa na tatizo. Bibi Nyamizi alitaka kusema hivyo na akasema hivyo.

"Nimeamka salama. Leo ndiyo siku yetu ya ruhusa. Nataka uniambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Ukitoka hapa, unataka kwenda kukaa wapi?"

Tangu kunapambazuka Bibi Nyamizi alikuwa akiyapanga maneno hayo, kama mtu anayepanga mafiga ili chungu kisiyumbe. *Nataka Ng'ambo, nyumbani kwangu, kwa Kalunde.* Hayo tu. Aliyarudia kimoyomoyo mpaka akayazoea. Akavuta pumzi.

"Nataka..."

Neno la kwanza lilitoka lake. La pili lilianza lake pia, likapanda kifuani, na lilipofika kooni akahisi kile kitu nyuma ya sikio kikipata joto kidogo. Neno likapokelewa, likavuliwa nguo zake, likavikwa nyingine.

"Nataka msipate taabu, wanangu. Popote mtakaponiweka, mimi nimeridhika. Mungu awazidishie."

Ukuta wa upande wa miguu yake ukawaka taa ya kijani. Maana yake ukuta umesikia, na umeandika kwamba mgonjwa ameridhia.

"Tunashukuru sana, mama," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Huyo alikuwa Mrisho, mkwe wake. Alisimama pale amegeuzia uso dirisha, kama ilivyopasa. Miaka yote tangu amuoe Siwema, Mrisho hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake, wala kukaa kwenye mkeka mmoja naye, wala kumtazama machoni. Naye Bibi Nyamizi mbele ya Mrisho alikuwa mtu mwingine: sauti chini, shingo upande, kila jambo *nashukuru, baba*. Ndivyo walivyolelewa, na wote wawili walilipenda hilo, kwa maana liliwaepusha na mengi.

Siwema, binti yake, alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Umemsikia, daktari? Mama yangu hana makuu."

*Hana makuu!* Bibi Nyamizi alipiga kelele ndani ya kichwa chake. *Mimi niliyemtoa mjumbe wa mtaa uani kwa mwiko wa ugali, mimi ndiye sina makuu?*

Akaurusha mkono wenye soksi. Kikombe kilichokuwa mezani kikaruka, uji wa ulezi ukamwagika mpaka kwenye viatu vya daktari.

"Pole, daktari, pole!" Siwema aliinama na kitambaa. "Bado amechanganyikiwa kidogo."

"Ni kawaida," Daktari Skola alisema, akisogeza mguu. "Wazee wa umri huu wakishapasuliwa kichwa, akili huja na kwenda. Ndiyo maana kwa sasa tunafuata kinywa, hatufuati mkono. Mkono hauna kiraka."

Bibi Nyamizi akafumba macho. Umeona mambo hayo? Kile kilichomsaliti ndicho kilichoaminiwa, na kile kilichobaki chake kimevikwa soksi.

*

Siwema alikuwa mtoto mwema. Nalisema mapema ili usimfikirie vibaya.

Baada ya kufuta uji alikaa kitandani akamwonyesha mama yake nyumba ya Dodoma. Aligusa ukuta, ukuta ukafunguka picha: chumba cheupe, ghorofa ya juu, dirisha linaloangalia mji. Kitanda kinachojiinua chenyewe. Vishikio kuanzia kitandani hadi msalani. Sakafu laini iliyotengenezwa hivi kwamba mtu akianguka inambonyea kama godoro. Darini kuna macho madogo yanayomtazama mgonjwa mchana na usiku. Akisita kupumua, muuguzi wa jengo anapanda kwa lifti kabla hujamaliza kukunja shuka.

"Mrisho ndiye aliyepima vishikio, mama. Alikuwa anatembea kwa magoti ili ajue urefu wako."

Bibi Nyamizi aliyaona yote. Alijua ni mapenzi matupu, na hilo ndilo lililomkaba. Angeweza kuichukia nyumba ya mtu mbaya. Lakini mama mkwe kulala chini ya paa la mkwe wake, kupita mbele yake akienda msalani, kusafishwa huku yeye yuko chumba cha pili anasikia! Angekuwa *nashukuru, baba* kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, mpaka afe akiwa mgeni.

Akajaribu tena. Safari hii alijaribu kwa hila: asiombe kitu, ataje jina tu, jina liwafungue masikio.

"Kalunde..." alianza.

Nyuma ya sikio, joto.

"...mke mwenzangu, msalimieni sana. Mwambieni anisamehe nilipomkosea."

Siwema alimshika bega. "Mama mdogo mzima. Nimemkataza tu asije, mama, usivunjike moyo. Mkikutana mtagombana, na presha ikipanda sasa hivi ni hatari. Tutamuaga kwa simu tukifika."

Maana huko Ng'ambo, kwenye nyumba ya marehemu mume wao, Nyamizi bi mkubwa na Kalunde bi mdogo waligombana kila siku iliyotoka kwa Mungu. Waligombania jiko, wakagombania kamba ya kuanikia, wakagombania nani alipendwa zaidi na maiti. Majirani walizoea. Siku wakinyamaza, watu walikuja kugonga mlango kuuliza kuna msiba gani. Hata siku ile damu ilipomvujia Nyamizi kichwani, alianguka uani katikati ya sentensi, akimweleza Kalunde habari za ukoo wake.

"Treni ni ya mchana," Mrisho alisema taratibu kutoka mlangoni. "Daktari akishafunga kiraka tutaondoka."

"Kufunga ndiyo nini?" Siwema aliuliza.

Daktari Skola alikuwa amerudi na kisanduku kidogo mkononi. Alieleza kwa subira, kama alivyozoea kuwaeleza wengi. Ile damu ilipojikusanya ilikata njia ambayo neno hupita kutoka kwenye fikra kwenda mdomoni. Kiraka ni daraja pale palipokatika. Hakitungi maneno kutoka hewani. Kinapokea mwanzo wa neno la mgonjwa, kisha kinatafuta, katika mazungumzo yake ya zamani waliyokilisha, jinsi alivyokuwa akimalizia. Wakati wote wa hospitali kimekuwa kikijaribiwa. Leo, kabla ya ruhusa, kinafungwa, na kikishafungwa kinashikamana na nyama ya ubongo. Hakifunguki tena.

"Kwa hiyo atakuwa anaongea hivi hivi, vizuri, maisha yake yote?" Siwema akatabasamu.

"Maisha yake yote."

Bibi Nyamizi akahisi jasho likimshuka mgongoni. Kitanda kikahisi pia, kikalia mlio mdogo. Daktari akatazama namba zilizokuwa zikiruka ukutani, akakunja uso.

"Moyo unamwenda mbio. Bibi, una maumivu?"

*Nina Kalunde! Nina nyumba yangu! Usinifunge, mwana wee, usinifunge!*

"Hapana, mjukuu wangu," mdomo ukasema kwa upole. "Sina shida yoyote."

*

Daktari alikuwa amekwisha kufungua kisanduku chake, ametoa kitu chembamba kama sindano ya kushonea magunia, ndipo waliposikia vurugu huko koridoni.

"Niache! Nimekwambia mimi ndugu! Ndugu gani? Nimekaa naye kuliko ulivyokaa tumboni mwa mama yako, unaniuliza ndugu gani?"

Siwema akashika kiuno. "Mungu wangu. Mama mdogo."

Bibi Kalunde aliingia akiegemea fimbo mbili, moja kila mkono, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa mwembamba, mweusi, mashavu yameingia ndani, amejitanda kanga mpya iliyokuwa bado na harufu ya duka. Alimpita Mrisho bila salamu, akamfikia Nyamizi, akamtazama juu mpaka chini.

"Ndiyo huyu?" alisema. "Kichwa kimefungwa kama kibuyu cha mtindi. Nikasema labda huko wanampamba. Umelala tu, kikongwe wewe, jiko umeniachia mimi, kuku wako wameninyea mpaka kitandani, nawe huku unageuzwageuzwa kama andazi."

"Mama mdogo, tafadhali," Siwema alisema.

"Nyamaza, naongea na mwenzangu. Eti wewe! Wale kuku wako nimewachinja. Wote. Na yule jogoo mwenye mikogo kama marehemu baba yako."

Bibi Nyamizi aliyasikia matusi hayo kama mtu wa kiu anavyosikia maji yakimiminwa mtungini. Kifua kilimjaa. Alikuwa na majibu, mwenzangu, si moja! Alikuwa na la jogoo, na la magoti yaliyokwisha kwa uvivu, na la kanga mpya aliyoivalia hospitali wakati msibani kwa dada yake alivaa kuukuu. Akachagua lililo kali kuliko yote, akafungua mdomo.

"Ahsante sana kwa kuja, mke mwenzangu. Umejisumbua. Kuku si kitu, kitu ni uzima."

Siwema akashusha pumzi, akiona heri ugomvi umepita. Lakini Bibi Kalunde alikuwa amerudi nyuma hatua, na fimbo moja imemdondoka. Hakuinama kuiokota.

"Huyu nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mama. Amepata nafuu tu, ametulia..."

"Siwema. Nakuuliza, mwanangu. Huyu aliyeongea nani? Nimechinja kuku wake, ananiambia ahsante? Nimemtukania baba yake!" Akamgeukia daktari. "Wewe ndiye uliyemtia mtu humu ndani?"

"Hajatiwa mtu, bibi," Daktari Skola alisema. "Kuna kifaa kinachomsaidia kuongea. Kinasema alivyozoea kusema yeye mwenyewe."

"Alivyozoea?" Kalunde akacheka kicheko kikavu, cha hofu. "Tangu niolewe nyumba ile huyu hajaniita mke mwenzangu. Ananiita Mfupa. Akiwa na furaha ananiita We Mfupa."

Daktari Skola alikuwa akitazama ukuta. Namba za moyo zilikuwa juu, mistari ya fikra inapanda na kushuka kama inachanwa, na chini yake sauti iliyorekodiwa ya mgonjwa ilikuwa mstari mmoja ulionyooka, umetulia, hauna hata kipele. Polepole akairudisha ile sindano kwenye kisanduku.

"Dada Siwema," alisema, "yale mazungumzo ya mama tuliyokuomba ya kukifundishia kiraka. Uliyapata wapi?"

"Kwenye simu zetu. Na kile kisikilizio kinachorekodi sauti nyumbani kwao. Yalikuwa mengi."

"Uliyaleta yote?"

Siwema akatazama mikono yake. "Niliyaleta yaliyofaa."

"Yaliyofaa vipi?"

"Daktari, wewe mwenyewe una mama." Sauti ilianza kumkatika. "Ningewapa watu wasiojulikana matusi ya mama yangu wakae wayasikilize? Wakae wacheke? Nilitoa ya ugomvi. Nikabakiza ya heshima. Salamu za Idi, pole za misiba, zile simu anazoongea na Mrisho. Nilimstiri tu, daktari. Nilimstiri mama yangu."

Mtu asiyejua aibu ya kwetu atamcheka Siwema. Mimi simcheki. Ni nani kati yetu ambaye mgeni akibisha hodi hasukumii chini ya kitanda kile kisichopendeza?

"Sasa tuyaongeze," alisema haraka. "Ninayo bado. Nitayaleta yote."

"Haiwezekani. Kiraka kinalishwa kikiwa kibichi, kabla ya kuwekwa. Hiki kimeshiba hayo uliyoleta." Daktari alijifuta paji la uso. "Ninachoweza ni kukifunga, au kukizima."

"Akizimiwa ataongea?"

"Sijui. Huenda chini ya daraja pameota kinjia chake mwenyewe, chembamba. Huenda pana shimo. Hatuwezi kuona mpaka daraja liondoke. Na kwa umri wake ubongo hauwezi kubeba la pili. Akikosa neno leo, ndiyo kimya mpaka mwisho. Hataomba hata maji."

Bibi Nyamizi aliyasikia yote, kila neno. Moyo ulimpiga mpaka kwenye meno. Kukaa kimya hadi kaburini! Alijitazama mle ndani: upande huu, mdomo wenye adabu unaoongea bila yeye, upande huu, yeye asiye na mdomo. Akaogopa. Usidhani hakuogopa.

"Na ni nani anayeruhusu?" Siwema aliuliza.

"Mgonjwa. Kwa kinywa chake."

Siwema akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama. Umesikia? Unataka tuzime?"

*Ndiyo.* Alilisukuma kwa nguvu zake zote. *Ndiyo, ndiyo.* Joto.

"Fanya utakavyoona, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa sasa."

Siwema akauficha uso kwenye shuka.

*

Aliyezungumza kwanza ni Mrisho. Alikuwa bado anaangalia dirisha.

"Daktari, samahani. Mimi nitatoka."

"Kwa nini?"

"Hata angekuwa mzima, mbele yangu mama asingesema. Angesema nashukuru, baba. Nilijenga vile vishikio nikijua. Nikasema atazoea. Sasa nyinyi zungumzeni, mimi niko nje, mbali, nisisikie."

Akatoka, akaufunga mlango polepole kwa mikono miwili kama anavyofanya mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala.

Bibi Kalunde alikaa kwenye kigoda cha daktari bila kukaribishwa. Akauvuta mkono wenye soksi, akaanza kuufungua ule utepe kwa kucha na meno.

"Bibi, hiyo ni kwa usalama wake," Daktari Skola alisema. Lakini hakusogea kumzuia.

Soksi ikatoka. Vidole vya Bibi Nyamizi vilikuwa vimekunjamana na unyevu, kama vya mtu aliyefua siku nzima. Akavinyoosha. Akatafuta hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaushika kidole kile cha shahada, akaupandisha shingoni, akaupitisha chini ya kanga, akaukandamiza juu ya kile kijifuniko nyuma ya sikio. Akaushikilia hapo.

"Mkono hauandikiki," daktari alinong'ona. "Kisheria huo ni mkono wa mtu aliyechanganyikiwa. Nikikuelekeza uzime, dada Siwema, tunazima kwa neno lako wewe. Si la ukuta, wala langu."

Siwema alikuwa akilia waziwazi sasa. "Mama, ukinyamaza nitafanya nini? Nitajuaje unaumwa? Nitajuaje una njaa?"

Bibi Nyamizi alimtazama. Alitaka kumwambia: utajua, ulijua nilipokuwa nikikunyonyesha na wewe huna neno. Hakujaribu kulisema, mwanawe asije akaambiwa nashukuru. Akakandamiza tu kile kidole, mpaka kucha ikamuuma.

"Nielekeze," Siwema alisema.

"Bonyeza. Shikilia. Usiachie mpaka kipoe."

Akabonyeza. Ukuta ukawaka taa nyekundu, ukaanza kusoma onyo kwa sauti, na daktari akaunyamazisha kwa kiganja. Lile joto nyuma ya sikio likapanda, likawa moto, Bibi Nyamizi akauma midomo. Kisha likashuka. Likashuka zaidi. Likaisha.

Mle ndani palikuwa pameachwa wazi. Ndivyo alivyohisi, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Alichotaka alikijua, kilikuwa pale pale, kikubwa, kinaonekana. Bali maneno yake yalikuwa yametawanyika kama vyombo vilivyoanguka kutoka kichagani, hiki huku, kile kule, na yeye yuko gizani anapapasa. Akashika kimoja. Hakikuwa chenyewe. Akafungua mdomo.

"Aaa," alisema. "Aa... ma."

Siwema alijiziba mdomo kwa mkono.

"Tusubiri," Daktari Skola alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetumaini.

Wakasubiri. Nje toroli la chakula likapita, magurudumu yakilia. Bibi Nyamizi alijaribu tena, mate yakamtoka upande wa mdomo, neno halikuja. Machozi yakamjaa machoni, naye si mtu wa kulia mbele ya Kalunde.

Bibi Kalunde alimfuta mate kwa ncha ya ile kanga mpya.

"Basi," alisema. "Ndiyo umepata ulichotaka. Ulimi umekwenda. Miaka yote nimemwomba Mungu akunyamazishe, leo amenisikia, nami sifurahi hata kidogo, unaona ulivyo mkorofi?" Alivuta kamasi. "Nikwambie kitu, Nyamizi. Nimekuja kukutukana, sikuja kukuchukua. Nenda Dodoma. Mimi magoti sina. Siku ile ulipoanguka nilikuvuta kwapa nikashindwa. Nikaita watu, watu wakachelewa, nami nimekaa mavumbini nimekushika kichwa, siwezi kitu. Ukianguka tena nitakunyanyua na nini? Nenda kwa mwanao. Kule sakafu ni laini."

"Mfu..." alisema Bibi Nyamizi.

Kalunde akasogeza sikio.

"M-fupa."

"Mimi hapa," Kalunde alisema haraka. "Sema, kikongwe. Niko hapa."

Maneno yalikuja polepole, kila moja akilitafuta peke yake, akiligeuza, akihakikisha ni lenyewe kabla ya kulitoa. Mengine yalitoka nusu, akayarudia. Hakukuwa na joto lolote nyuma ya sikio, wala mtu wa kumpokea pale kooni. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Siwema alikuwa amemkamata mguu kupitia shuka, na daktari ameinama bila kujua kwamba ameinama.

"Sitaki... laini," alisema Bibi Nyamizi. "Nataka kwetu. Nikianguka, usini... usininyanyue. Kaa chini... na mimi."